Jioni Mwanga Ulipokosekana

Jioni ile mwanga haukuonekana.

Watu waliokaa kwenye benchi nyuma ya duka la Mshonaji walisubiri mpaka giza likaingia sawasawa. Walikodoa macho kule msituni, mahali ambapo kwa miaka nenda miaka rudi kitu cheupe huwaka katikati ya miti, kikavimba, kikafifia, kikawaka tena. Hakuna. Msitu ulikuwa mweusi kama chungu kilichopinduliwa.

"Leo umelala," mmoja alisema.

"Labda unaumwa jino," akadakia mwingine.

Kicheko kilikuwa hakijaisha Mshonaji alipotoka ndani, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Aliuliza kama kuna aliyemwona mke wake. Mkewe alitoka alasiri akiwa na kamba yake begani, hajarudi.

Hakuna aliyemwona. Walimtafuta kwa tochi, wakamkosa.

Asubuhi yake mwili wake ulikutwa chini ya mti mrefu, ukingoni mwa msitu.

Inspekta alifika jua likiwa bado changa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na haraka. Alizunguka mti mara moja kabla ya kusogea. Marehemu, koti alilofunikwa likiwa limeondolewa, alikuwa amelala ubavu, kama mtu aliyejipumzisha kidogo. Mama mtu mzima, mwembamba, viatu vimefungwa vizuri. Mkanda wa kupandia miti ulikuwa kiunoni, umekazwa. Msumeno mdogo ulikuwa ndani ya ala yake.

"Ameanguka, Afande," alisema Konstebo. "Kazi yake ilikuwa kukusanya mbegu za miti kwa ajili ya kitalu cha miche. Maisha yake yote yuko juu. Watu walimwita Komba."

"Alipanda kwa kutumia nini?"

"Kamba, Afande."

"Iko wapi?"

Konstebo alitazama chini, akatazama juu, akatazama chini tena. "Haipo."

Inspekta alipiga magoti. Kwenye kulabu ya chuma ya ule mkanda lilibaki fundo moja, na nje ya fundo kipande cha kamba nyeupe kisichozidi kidole. Alikivua taratibu, akakitia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Aliyekufa hawezi kukunja kamba akaondoka nayo," alisema. "Hapa amepita mtu."

Aliyemkuta marehemu alikuwa amesimama pembeni, kichwa chini. Alikuwa mdogo wake, mwanamume mfupi mwenye ovaroli lililotoboka matundu madogo madogo kifuani. Kazi yake kuchaji na kutengeneza betri za magari. Kila mtu alimwita Fundi Betri.

"Wewe ndiye uliyemkuta?"

"Mimi, Afande. Ni dada yangu. Tumbo moja."

"Ulimgusa?"

"Nilimfunika koti. Basi."

"Kamba yake uliiona?"

"Sikuangalia kamba, Afande. Nilimwangalia dada."

Lilikuwa jibu zuri. Inspekta alilipenda, na kwa sababu hiyo hiyo akaliweka pembeni.

Kitalu cha miche kilikuwa mwendo mfupi kutoka pale. Msimamizi wake aliwapokea akiwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Alitaka kuwakaribisha viti, akasahau, akabaki amesimama kati ya miche.

"Nusu ya miti mnayoiona kando ya barabara hii imetoka mkononi mwa yule mama," alisema. "Mbegu alikuwa anachagua moja moja, kama mtu anayechagua mchumba. Tulimwambia apumzike, awafundishe vijana. Aliwafundisha kweli, halafu akawa anawatangulia juu. Akifika kileleni anapiga mluzi. Vijana wako chini wanahema!"

"Alikuwa mzembe na vifaa?"

"Yeye?" Msimamizi alikaribia kukasirika. "Kabla ya kupanda, kamba nzima aliipitisha vidoleni, mwanzo mpaka mwisho, macho amefumba. Kama mtu anayesali. Na ile ilikuwa mpya, ya nailoni. Nilimkabidhi mwenyewe. Afande, kamba ile haikatiki."

"Imekatika."

Msimamizi alijipangusa udongo mikononi.

"Na kwenye mti ule alikuwa anafuata mbegu gani?"

"Ule? Ule si mti wa mbegu. Hatujawahi kuuhitaji. Ndiyo maana nashangaa. Sijui alifuata nini kule."

Jioni Inspekta alikwenda msibani. Wanaume walikuwa wamekaa nyuma ya duka kwa mazoea, wote wakitazama msitu. Aliyekaa katikati alikuwa mzee mwenye mikono mipana na kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Huyo ndiye Seremala, kaka mkubwa wa marehemu. Alisogea kidogo, akapapasa benchi kumwonyesha Inspekta pa kukaa.

"Karibu, mama. Usiku wa pili huu, na bado hakuna kitu."

"Huo mwanga ni nini hasa?"

Ilikuwa kama kuchokoza mzinga. Benchi zima lilijibu kwa pamoja. Mmoja alisema ni kimondo kilichozikwa. Mwingine alisema ni uyoga unaong'aa, aliambiwa na mtu aliyeuona. Wa tatu aliapa kwamba ni roho ya mtu aliyepotea, akaambiwa roho yake mwenyewe ndiyo iliyopotea tangu alipoanza kunywa.

Seremala alinyoosha mkono, wakatulia.

"Hao wanapiga porojo tu. Wenye hoja ni wawili. Mimi nasema ni gesi. Kule ndani kuna kinamasi, majani yanaoza, gesi inatoka, inawaka. Mdogo wangu, huyo wa betri, anasema ni taa za magari kwenye barabara ya mlimani, ng'ambo. Magari! Gari gani hilo linaloning'inia mtini?"

"Naye anakujibu nini?"

"Anajibu kwamba kichwani nimejaza maranda ya mbao."

Watu walicheka kidogo, kisha wakakumbuka kuna msiba.

"Na zaidi ya mwanga mnaongea nini?" Inspekta aliuliza.

Seremala alitoa kalamu nyuma ya sikio, akaigeuza geuza. "Hatuongei. Baba alipofariki, mwenzangu alikuwa safarini. Karakana ya baba niliifunga kwa kufuli jipya. Niliogopa wezi, nasema kweli. Yeye akarudi, akakuta kufuli asilokuwa na ufunguo wake. Akadhani namfungia yeye. Nami sikujishusha nikamweleza. Tangu hapo hatupikiki chungu kimoja. Hata salamu hakuna. Akija hapa jioni anauliza, 'Gesi yako imewaka?' Hiyo ndiyo salamu."

"Jioni ya jana alikuwepo?"

"Alichelewa. Alikuja anahema, anatabasamu kama bwana harusi. Akauliza, 'Haya, mmeona rangi gani?' Nikamwambia rangi gani tena, leo hakuna kitu kabisa. Uso ukamshuka. Nikamtania, magari yako yameishiwa mafuta." Seremala alifuta pua kwa kiganja. "Nilikuwa nacheka, mama. Dada yangu yuko chini ya mti, mimi nacheka."

Inspekta alimgusa bega. Alikaa nao muda, akiutazama msitu mweusi. Mwanga ambao kila mtu aliujua kuwa mweupe, na mtu mmoja anauliza rangi. Mwanga na Komba, vyote viwili vimeondoka siku moja.

Majibu ya maabara ya jinai yalikuja kwa simu. Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa amekwisha kusema kifo kilitokana na kuanguka, wala hapakuwa na dalili za kupigana. Sasa mtaalamu alizungumzia kipande cha kamba.

"Haikukatwa kwa kisu, Inspekta. Wala haikusagika. Nyuzi zake zimevunjika kama tambi kavu. Zina asidi ya betri."

"Angeweza kuigundua kwa vidole?"

"Hata kidogo. Pamba ikipata asidi hutoboka, unaona. Nailoni kwa nje hubaki laini vilevile. Inafia ndani."

Konstebo alikuwa amekwisha kuvaa kofia. "Lile ovaroli, Afande! Twende tukamkamate."

"Kwa kosa gani? Kuwa na nguo yenye matundu? Kaa chini. Kwanza nataka kujua dada mtu alifuata nini kwenye mti usio na mbegu."

Msimamizi wa kitalu alipanda mwenyewe. Alikuwa mnene, na njiani alisimama mara kadhaa kulalamika. Alipofika juu kabisa alinyamaza. Inspekta na Konstebo walisubiri huku shingo zikiwauma.

"Kuna makovu huku!" alipaza sauti hatimaye. "Matawi yamekatwa, mengine zamani, gome limeshafunga, mengine mwaka huu. Kazi ya mkono wake, naijua. Amefungua mwanya, Afande! Kama dirisha!"

"Uko wazi?"

"Umezibwa! Kuna tawi limekunjwa kwa nguvu, likafungwa mbele yake. Kwa kitambaa."

"Sogeza majani uchungulie. Unaona nini?"

Majani yalichakacha. Upepo ulipita.

"Naona barabara ya mlimani," sauti ilisema, safari hii kwa upole. "Kuna lori linashuka."

Inspekta aligeuka. Nyuma yake, ng'ambo ya uwanja, benchi la Mshonaji lilionekana, limenyooka moja kwa moja na mti ule.

"Tawi liache hivyo hivyo," aliagiza. "Nikatie tu ncha ya kitambaa."

Mshonaji alikuwa amekaa nyuma ya cherehani bila kushona. Chumba kilijaa nguo za watu zilizokatwa, hazijaunganishwa. Inspekta aliweka mezani kipande cha bluu kilichopindwa ukingo kwa mshono mdogo, wa kupendeza. Kapu la mabaki lilikuwa miguuni pa Mshonaji. Vipande vya bluu ile ile vilikuwa juu.

"Huu ni mshono wako."

"Ni wangu."

"Nieleze, baba."

Mshonaji alikishika kile kitambaa kwa vidole viwili.

"Wale ndugu walikuwa wameshazikana wakiwa hai. Mke wangu alijaribu kila kitu. Aliwaita kula, akaja mmoja. Akajifanya mgonjwa, wakaja kwa zamu. Halafu upepo ukaangusha mti mmoja msituni, na jioni hiyo mwanga ukaonekana. Wakajikuta wote wawili hapa nyuma, kila mtu na lake. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mke wangu alisimama pale mlangoni, machozi yanamtoka. Akaniambia, 'Mume wangu, sikiliza. Wanaongea.'"

Alikilaza kitambaa mezani, akakinyoosha.

"Kesho yake alipanda kwenda kutazama mwanga unatoka wapi. Akajua ni magari. Hakumwambia mtu ila mimi. Tangu hapo, matawi yakikua yakaanza kuziba, yeye anapanda, anayakata. Mvua, jua, magoti yanamuuma. Hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa namwambia, wewe umewawashia taa watu wazima kama watoto wanaoogopa giza. Anacheka."

Inspekta aliona kalamu imetulia mkononi mwake. Katika kazi yake alikuwa ameona watu wengi waliotenda mambo kwa siri. Siri ya namna hii hakuwa ameizoea. Alimfikiria yule mama mwembamba juu kule, macho amefumba, akiipitisha kamba vidoleni.

"Juzi kwa nini aliziba?"

"Kwa sababu yangu." Mshonaji alilisukuma kapu kwa mguu. "Shemeji alikuja kutaka kitambaa chekundu, chepesi. Nikauliza cha nini. Akasema, 'Cha kumfunga mtu mdomo.' Akaniambia amepeleka taa kubwa kule barabara ya mlimani. Ataifunika kwa nyekundu, aiwashe jioni hiyo, benchi zima lione mwanga mwekundu. Ubishi uishe. Nikaona ni kichekesho, nikamsimulia mke wangu. Hakucheka. Alisema, 'Ukiisha, wataongea nini?' Akachukua kitambaa kapuni, akatoka na kamba."

Fundi Betri hakushangaa waliposimama mlangoni pa kibanda chake. Alizima chaja, akajifuta mikono. Kituoni Inspekta alimsomea onyo, akamwambia ana haki ya kunyamaza. Alitikisa kichwa kukubali, akakaa.

"Jioni ile ulikuwa wapi?"

"Barabara ya mlimani."

"Ukifanya nini?"

"Kuwasha taa nyekundu."

"Taa ilitumia nini?"

"Betri. Ya lori, nzito. Niliipandisha ukingoni mwa barabara siku moja kabla."

"Kwa mikono?"

Fundi Betri alitazama viganja vyake.

"Uliifunga kwa kitu gani, Fundi?"

"Kwa kamba ya dada." Aliposema hivyo mabega yake yalishuka, kama aliyetua mzigo. "Niliichukua msumarini bila kumwambia. Betri ikainama, maji yake yakamwagika. Niliiosha kamba kwa maji mengi, nikaianika juani, nikairudisha. Ilikuwa nyeupe, Afande. Nyeupe kama mpya."

"Wewe ni fundi. Hukujua asidi inafanya nini?"

"Naijua kuliko mtu yeyote hapa! Nguo zangu zote zimeisha kwa sababu yake. Ikigusa kitu inatoboa, siku ya pili unaona tundu. Ile kamba niliikagua, haina tundu. Nikajua imepona."

Inspekta alikumbuka maneno ya mtaalamu. Maisha yote kati ya asidi na pamba, na mtu huyu alikuwa hajawahi kukutana na kitu kinachokufa bila kutoboka.

"Asubuhi ulimkuta."

"Nilimkuta. Nikaona ilipokatikia. Pale pale betri ilipolala palikuwa na rangi ya kahawia, kidogo tu. Nikajua ni mimi. Niliikunja, nikaificha ndani ya boksi la betri mbovu. Iko kibandani."

"Uliogopa jela?"

"Nilimwogopa kaka. Angesema nimemuua dada kwa ajili ya ubishi. Na angekuwa sahihi." Alicheka kicheko kibaya. "Mimi nilitaka mara moja tu aniambie, 'Mdogo wangu, ulikuwa sahihi.' Kwenye mwanga, angalau. Kwenye lile kufuli nilishakata tamaa."

Inspekta alifunga daftari. Sheria haikumtaka aendelee. Lakini aliona si haki mtu huyu aende mahakamani akijua nusu tu, kwa hiyo akamweleza yaliyobaki: mwanya, makovu, tawi, kitambaa cha bluu.

Fundi Betri alisikiliza mdomo wazi.

"Kwa hiyo alijua ni magari?"

"Miaka yote."

"Alijua niko sahihi, na hakusema."

"Hakusema. Na juzi kazi yake aliimaliza, Fundi. Tawi lilikuwa limeshafungwa kabla hajaanza kushuka. Fundo lake bado limeshika."

Ndipo alipolia. Aliinamia meza, na Konstebo, aliyekuwa na haraka ya kumkamata, akatoka nje kimyakimya na kurudi na maji ya kunywa.

Seremala alikuja kituoni kesho yake. Inspekta alimkalisha, akamweleza yote bila kuficha. Kisha mzee aliomba kumwona mdogo wake. Inspekta alimpeleka mpaka mahabusu, akabaki karibu na mlango.

Ndugu wawili walitazamana kupitia nondo. Mmoja alikuwa mkubwa, mwingine mdogo, lakini kidevu kilikuwa kimoja. Alikuwa nacho pia marehemu dada yao.

Fundi Betri alisogea mpaka kwenye nondo.

Seremala alikohoa. Alishika nondo kwa mkono mmoja, kama anayepima ubora wa mbao.

"Nimeelezwa," alisema. "Yote nimeelezwa." Akakohoa tena. "Lakini gari haliwezi kuning'inia mtini. Mimi bado nasema ni gesi."

Fundi Betri aliinua uso.

"Gesi gani hiyo, kaka," Fundi Betri alijibu, machozi yakimdondoka, "inayokuja jozi jozi?"

"Gesi ya kinamasi. Ina wenzake."

"Kichwa chako kimejaa maranda."

"Na chako kimejaa maji ya betri. Umekula?"

Inspekta aliondoka taratibu, akaufunga mlango nyuma yake bila kuubamiza.

Kesi ilisikilizwa. Fundi Betri alikiri kosa la kusababisha kifo kwa uzembe na lile la kuficha ushahidi, naye anatumikia kifungo chake. Kaka yake humtembelea kila siku ya wageni. Kufuli la karakana ya baba sasa lina funguo mbili, mmoja umewekwa kwa askari wa magereza pamoja na vitu vya mfungwa.

Kitambaa cha bluu kilifunguliwa siku Inspekta alipofunga jalada, na mwanga ukarudi. Matawi yakikua, vijana wa kitalu hupanda na kuyakata. Wakiulizwa wanafanya nini kwenye mti usio na mbegu, husema wanafanya mazoezi.

Jioni ikifika, Mshonaji hufunika cherehani na kutoa benchi nje.